Boksi lenye tundu: vile tulipakia matoi ya muziki ndio yasikike dukani

Siku moja simama kwa ile korido ya matoi ya supermaketi yoyote hapa Nairobi, iwe Naivas, Carrefour au Quickmart, na usikilize tu. Kimya. Kuna vipiano, kuna vigitaa, kuna ngoma za plastiki na zilofoni za rangi zote, vile vibao vya kugonga na fimbo, lakini zimefungwa kwa boksi na kunyongwa na zile waya ndogo za kusokotwa, na muziki wenyewe umebaki kwa picha, noti nyeusi inaruka juu ya kichwa cha mtoto mzungu amefungua mdomo. Mtoto wa ukweli akipita hapo anabonyeza kila kitu, hakuna kinachojibu, mpaka afike kwa kile kimoja cha betri kimeandikwa bonyeza hapa, kinaanza kuimba wimbo wake mmoja kwa sauti ya kukwaruza, saa nzima, mpaka yule dada wa kupanga shelfu anatamani kukificha stoo. Alafu ukienda kaunta unaona hicho hicho ndio kiko kwa troli za watu. Mtoto amenunuliwa kile alisikia.

Hayo ndio nilimwambia Mwalimu tulipoanza hii kazi. Mimi ni disaina wa vifungashio, sana sana sabuni, majani chai na unga wa uji, na Mwalimu ni mteja wangu, alifunza nasari miaka mingi akastaafu, sasa ana karakana ya mbao kule Ngong Road ambako mafundi wake wanatengeneza ala ndogo za watoto: zilofoni ya mbao ya noti nane, ngoma ya ngozi, kayamba, filimbi na njuga za mguuni. Alikuwa anauza Maasai Market bila boksi wala nini, mtu anachukua, anagonga, mtoto anacheka, pesa inatoka. Tangu mtaala wa shule wa CBC uingie 2019 walimu wanatuma wazazi watafute ala, na wazazi wa Gredi ya 4 wanajua vile tulikimbizana na rekoda, ile filimbi ya plastiki ya shule, kwa hivyo soko lilikuwepo. Lakini supermaketi haichukui kitu uchi. Wanataka boksi, wanataka bakodi, wanataka kipangike kwa shelfu. Ndio akanitafuta.

Msimamo wangu ulikuwa mmoja na nimeushikilia mpaka sasa: toi ya muziki ambayo haiwezi kulia ikiwa dukani imefungwa vibaya, hata kama boksi ni rembo namna gani. Boksi lazima liache mkono uingie. Mwalimu hakupenda. Yeye alikuwa anataka dirisha la plastiki ya kung'aa kama zile anaona za kutoka China kule Nyamakima. "Mwanangu, hilo tundu lako litaingiza vumbi hata kabla tufike dukani." Nikamwambia Mwalimu, vumbi inapanguswa, lakini mtoto akigonga plastiki anasikia plastiki.

Na hiyo plastiki ina maneno yake pia. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, hiyo kila mtu anajua, dirisha la boksi haliko kwa hiyo marufuku. Lakini 2022 ikaja sheria ya usimamizi endelevu wa taka na ikaleta hii mambo ya mzalishaji kuwajibika na kifungashio chake hata baada ya mteja kukitupa, na karatasi ambayo imegundishwa plastiki kwa gluu ni usumbufu kwa mtu wa kurejeleza, mpaka kwanza atenganishe. Sasa mbona uanze biashara mpya na kitu cha kukusumbua kesho. Hata wenzetu wa nje walichoka, Amazon walianza mpango wao wa vifungashio rahisi kufungua 2008 na matoi yalikuwa kati ya vitu vya kwanza, juu wazazi walikuwa wanajikata vidole Krismasi wakipigana na plastiki ngumu na waya.

Sawa, tundu. Lakini tundu wapi? Hapa ndio kazi ilinoga na hapa ndio nitakaa kidogo.

Ubao wa zilofoni ukiugonga haurukiruki wote sawa. Katikati unapanda na kushuka sana, na ncha mbili pia, lakini kuna mahali pawili palipotulia kabisa, karibu asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila mwisho. Ubao wa sentimita 20, hesabu kama sentimita 4 na nusu kutoka huku na 4 na nusu kutoka huku. Hapo ndipo fundi anatoboa au anaweka kamba na kitambaa, juu ukiushikilia hapo hauuzimi, unaendelea kulia. Ukiushika kwingine kokote, katikati haswa, unatoa tu pwa, umekufa. Mafundi wa Mwalimu walikuwa wanajua hii kwa mkono bila kujua hiyo asilimia, wanaweka ubao juu ya vidole viwili wanausogeza wakigonga mpaka usikie umefunguka.

Sasa fikiria boksi la kawaida. Ndani unaweka sponji ama kadibodi ya kushika toi isitembee, na hiyo sponji inalala juu ya mbao zote katikati, juu hapo ndio panaonekana pa kushika. Umeua ala. Hata ukitoboa tundu kubwa namna gani mbele, mtoto akigonga anasikia pwa, anaenda kwa ile ya betri. Na huwezi kuacha bila kushika, juu toi inasafiri kwa bodaboda, inarushwa na watu wa kushusha mizigo, mbao zinaparuzana na fimbo ya kugongea inabomoa kila kitu.

Kwa hivyo tukafanya hivi. Kadibodi ya ndani inashika fremu, haigusi mbao. Alafu kuna mikanda miwili myembamba ya kadibodi inapita juu ya mbao zote, na haipiti sambamba, inaenda ikikaribiana juu mbao zinazidi kuwa fupi, na kila mahali mkanda unagusa ubao ni pale pale kwa ile asilimia 22. Katikati ya mikanda ndio tundu la mbele liko. Ukigonga na ukucha inalia, tena inalia vizuri, juu hewa ya ndani ya boksi inasaidia kidogo. Fimbo tumeificha chini, imefungwa na uzi, ndio isiibiwe, na pia ndio hakuna mtu atagonga na nguvu zake zote pale dukani.

Hapo kwa hewa ya ndani sitaki kudanganya mtu ati boksi la kadibodi ni kama sanduku la mbao. Kadibodi inameza sauti. Lakini kati ya boksi lililoziba na boksi lililofunguka tofauti unaisikia hata ukiwa umesimama na troli.

Shida ya pili ya zilofoni ni umbo. Kwa mbao za unene mmoja, ukitaka noti ipande oktava nzima haupunguzi urefu kwa nusu, nusu itakurusha oktava mbili, unapunguza mpaka kama asilimia 71 hivi. Ubao mrefu ukiwa sentimita 28 ule wa mwisho unakuwa karibu 20. Kwa hivyo toi yenyewe iko pana huku na nyembamba huku, na boksi la mstatili linabaki na kona tupu, unasafirisha hewa. Mimi nikataka boksi lifuate umbo la toi. Fundi wa printi akacheka, akaniuliza, "Disaina, hii utaipanga kwa katoni aje?" Nikamwambia moja juu, moja chini. Mbili zikilaliana kichwa na miguu zinabanana vizuri, katoni inajaa na kona tupu zinapungua sana. Na kwa shelfu zikisimama upande mpana chini hazianguki. Hiyo nilishinda bila makelele mengi.

Rangi zilileta makelele zaidi. Mbao za Mwalimu zimepakwa rangi, kila noti na yake, na nyuma ya boksi tulitaka kuweka kawimbo kafupi ka vidoa vya rangi, mtoto wa miaka minne ambaye hajui kusoma afuate tu nyekundu nyekundu njano. Wazo zuri, kila mtu analifanya. Lakini rangi hapo sio urembo tena, ni maagizo. Kwa skrini ya kompyuta machungwa inawaka kwa sababu skrini ni mwanga, kwa printa unapata wino nne tu, sayani, majenta, njano na nyeusi, na machungwa ya wino nne ikizidishwa majenta kidogo inahamia nyekundu, chini ya taa za nyumbani mtoto anapiga do badala ya re na mama anadhani toi imeharibika. Na kuna watoto hawatofautishi nyekundu na kijani, wavulana wengi kuliko wasichana. Kwa hivyo ndani ya kila kidoa tukaandika herufi, d, r, m, f, s, l, t, ile solfa ya kwaya. Hiyo ndio raha ya kufanya hii kazi hapa kwetu, juu mama yeyote ambaye amewahi kuimba kwaya ya kanisa, alto ama soprano, anachukua lile boksi anasoma d m s bila kufunzwa, anaimba pale pale kwa korido. Disaina wa London hangeweka hiyo kwa boksi la mtoto nadhani, angeweka zile noti za mistari mitano ambazo wazazi wengi hapa hawasomi.

Fundi pia alikubali kuchapisha rangi mbili ngumu kwa wino wake maalum badala ya kuzichanganya. Ni pesa, plate zaidi, lakini machungwa imebaki machungwa.

Ala zingine hazikuhitaji akili nyingi hivyo, na ningeshauri mtu asizilazimishe boksi. Ngoma tuliiacha ngozi wazi kabisa, kuna mkanda tu wa karatasi nene umezunguka mwili na bakodi iko chini kwa kitako. Kayamba, kama umeiona, ni bapa, matete yamefungwa pamoja na ndani kuna mbegu, unaitikisa upande kwa upande, hiyo inalia hata ukiifunga gazeti, kwa hivyo nayo ni mkanda, na maelekezo kwa mtoto ni maneno mawili tu, nitikise kidogo. Njuga zinaning'inia kwa kadi yenye tundu la kuning'iniza, zikipigwa na upepo wa mlango zinajitangaza zenyewe.

Filimbi ndio pekee tuliziba yote, na hapo nilikula maneno ya watu waliodhani nimegeuka. Lakini filimbi inaingia mdomoni. Hakuna mzazi anataka filimbi ambayo imepulizwa na watoto wote wa Thika Road. Iko kwa boksi jembamba, limefungwa na stika ambayo ikitolewa inaonekana imetolewa, na nyuma kuna msimbo wa QR unafungua sekunde kadhaa za sauti ya hiyo filimbi kwa simu. Kwa zilofoni Mwalimu alitaka QR pia nikakataa. Mbona umtumie mtu bando kusikia kitu kiko mbele yake?

Usalama sasa. Kenya tunafuata viwango vya ISO 8124 vya matoi, na KEBS, shirika letu la viwango, ndio wenye alama ya ubora, na kabla uchore chochote kaa chini usome, juu onyo linakula nafasi kwa boksi na haliwezi kuwekwa mahali popote na herufi za sisimizi. Kipimo cha kwanza kwa watoto chini ya miaka 3 ni kile kisilinda cha vipande vidogo, upana milimita 31.7, kitu kikiingia chote bila kubanwa basi mtoto anaweza kukabwa nacho. Kengele ya njuga inaingia. Mbegu ya kayamba inaingia, bila hata kufikiria. Kwa hivyo hizo mbili zinabeba ile alama ya uso wa mtoto na 0-3 ndani ya duara jekundu lenye mstari, mbele, sio chini ya kitako. Mwalimu alisema itafukuza wateja. Hizo mbili kwa kweli hazinunuliwi na mama wa mtoto mchanga, na hiyo ndio maana yake.

Na mbegu zenyewe jameni. Turituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, zinapendeza kushinda shanga na zinasikika vizuri ndani ya kayamba, lakini zina sumu, abrini, mbegu ikitafunwa mtoto anaweza kufa. Kwa toi usithubutu. Za Mwalimu ni vipande vya mbao vilivyoviringwa, na tumeandika hivyo kwa mkanda, juu watu wa pwani wanaijua turituri na watauliza.

Sauti pia ina kiwango. Kanuni ya Marekani, ASTM F963, inasema toi ya kushikwa karibu na sikio isizidi desibeli 65 ukipima kutoka sentimita 50, na zingine 85. Lakini kiwango hicho cha sauti mfululizo hakihesabu vya kupulizwa, wala ngoma na zilofoni, juu sauti hapo inategemea nguvu ya mtoto mwenyewe. Wameona hakuna namna ya kupima mkono wa mtoto wa jirani. Ila mama anapima, anapima kwa macho pale pale, anaangalia ngoma anafikiria Jumapili yake, nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Pipeline, majirani juu na chini. Nilitaka kuandika kitu cha kumtuliza, Mwalimu akanishinda na maneno yake mwenyewe ambayo sasa ndio yako mbele ya kila kifungashio: Inalia bila betri. Nilikuwa na sentensi zangu nzuri nikazitupa. Mzazi ambaye ameishi na toi ya betri anaelewa hapo hapo, hakuna kununua betri kila mwezi na hakuna kuimbiwa wimbo mmoja usiku wa manane. Kiswahili kiko mbele, Kiingereza kiko ubavuni. Meneja mmoja wa manunuzi alitaka igeuzwe, "Madam, wateja wetu wa hii branchi ni watu wa Kiingereza," Mwalimu akamwangalia tu vile walimu wa nasari wanaangalia watu, ikabaki hivyo.

Ya printi nitapita haraka. Sampuli fanya dijitali kule River Road, ni bei ya kawaida na unapata siku hiyo hiyo, lakini usizichukulie kama rangi ya mwisho. Kazi kubwa peleka ofseti Industrial Area. Uliza bodi ina nyuzi zinaelekea wapi kabla wakate dai, yaani kile kisu cha umbo la boksi, mkunjo ukivuka nyuzi unapasuka na kuonyesha weupe, haswa ukiwa na rangi nzito hapo. Acha milimita 3 za rangi ya ziada nje ya mstari wa kukata. Laminesheni ya kung'aa inaonyesha kila kidole cha mtoto, chukua ile ya mati, isiyong'aa. Na bakodi, zile zetu za GS1 Kenya zinaanza na 616, usijaribu kuifanya nyekundu ati ilingane na boksi, skana za leza zinatumia mwanga mwekundu, mistari nyekundu kwake ni nyeupe, haitasoma kitu na foleni yote itakulaani. Nyeusi juu ya nyeupe, upana karibu milimita 37, ukibanwa unaweza kushuka mpaka asilimia 80 ya hiyo, basi.

Ah, na stika ya bei. Duka moja ambalo lilichukua mzigo wa kwanza walibandika bei juu ya tundu la zilofoni, kila boksi, kwa mstari, ni kama walipima. Sasa tumechapisha mraba mweupe kona ya juu umeandikwa bei hapa, na wengi wanautii.

Saa hii Mwalimu anataka kuongeza kakitabu kenye vibonyezo vya kuimba, na msambazaji amemletea sampuli ya zile betri za kidonge. Hiyo bado tunazozana. Betri kama hiyo mtoto akiimeza na ikwame kooni inaweza kuchoma ndani kwa muda wa saa mbili, Marekani walitunga sheria nzima 2022, Reese's Law, kwa ajili ya vifaa vingine vya nyumbani, matoi yalikuwa tayari na kanuni zao. Nimemwambia kama ni lazima basi iwe AA, kifuniko cha skrubu, na lile neno letu la mbele litabidi litoke kwa hiyo bidhaa. Hilo la mwisho ndio limemfanya anyamaze, amesema nimpe mpaka wiki ijayo.